Wameshinda karibu wote: nani atawauliza hesabu?

Tarehe 27 Novemba 2024 wananchi wa Tanzania Bara walipiga kura kuchagua wenyeviti wa vijiji, mitaa na vitongoji, pamoja na wajumbe wa halmashauri za vijiji. Matokeo yaliyotangazwa na TAMISEMI yalikipa Chama Cha Mapinduzi zaidi ya asilimia 98 ya nafasi za wenyeviti. Vyama vya upinzani vililalamika kuwa wagombea wao wengi walienguliwa kabla ya siku ya kura, na malalamiko hayo bado yapo vinywani mwa watu. Makala haya hayatayarudia. Yanauliza jambo jingine, ambalo litabaki nasi kwa miaka mitano hata kama hayo yangekwisha leo: watu waliopewa wingi mkubwa kiasi hicho wanapaswa kufanya nini, na ni nani atakayewauliza wasipofanya?

Tumeichagua kata ya Idete iwe mfano wetu, katika Halmashauri ya Wilaya ya Mlimba, mkoani Morogoro. Msafiri atokaye Ifakara kuelekea Mlimba huipita njiani, mabonde ya mpunga yakiwa upande mmoja na milima ya Udzungwa ikionekana upande wa pili. Wengine huijua kwa gereza lake la kilimo. Wenyeji huijua kwa ardhi yake, na ardhi ndiyo itakayotushughulisha zaidi hapa, kwa kuwa katika bonde la Kilombero uongozi mwema na uongozi mbaya hupimwa kwanza kwa shamba la mtu: bado ni lake, au limekwenda?

Mtu asidhani kwamba bonde hili halijui ushindani. Katika uchaguzi mkuu wa 2015 majimbo yote mawili, Kilombero na Mlimba, yalichukuliwa na CHADEMA. Mwaka uliofuata, uchaguzi wa mwenyekiti wa halmashauri uliingia katika vurugu juu ya nani ana haki ya kuwamo ukumbini na kupiga kura. Mbunge wa Kilombero wa wakati huo, Peter Lijualikali, alihukumiwa Januari 2017 kifungo cha miezi sita kwa vurugu hizo, na miezi michache baadaye Mahakama Kuu ikamwachia huru. Wakati ule watu waligombana kujua wengi ni nani. Leo hakuna anayeuliza hivyo. Wengi wanajulikana, wamekwisha kula kiapo, na viti vyote vya mbele ni vyao.

Hapo ndipo ugumu unapoanzia. Halmashauri yenye pande mbili, hata ikiwa na kelele, ina mtu wa kusimama na kuomba stakabadhi. Anaweza kuwa anaiomba kwa nia ya kuaibisha, lakini ameiomba, na mwenyekiti analazimika kuitafuta. Halmashauri ya upande mmoja haina mtu huyo. Wajumbe wake ni ndugu wa chama kimoja. Wamefanya kampeni pamoja, na huenda walikopeshana nauli. Kumwuliza mwenzako hesabu mbele za watu huonekana kama kumsaliti. Basi swali hubaki moyoni, na mradi hubaki nusu.

Taifa letu lilianza safari yake na wingi wa namna hii. Katika uchaguzi wa Agosti 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria, na viti 58 kati ya hivyo havikuwa hata na mpinzani. Kiti kimoja tu kilichosalia, cha Mbulu, kilichukuliwa na Herman Sarwatt, ambaye naye alikuwa mtu wa TANU aliyesimama peke yake. Wingi ule ulifanya makubwa. Nchi ilipata uhuru Desemba 1961 bila kumwaga damu. Mwaka 1963 ulifuta utawala wa machifu na kuondoa umiliki wa ardhi wa kudumu ulioachwa na wakoloni. Lakini wingi huohuo, mwaka 1962, ulipitisha sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani, na ilipita kwa wepesi kwa kuwa waliokuwamo ukumbini walikuwa wa nyumba moja. Sheria ile iliishi muda mrefu kuliko hofu iliyoizaa, na ilikuja kuwagusa hata watu waliokaa karibu na meza ya chama.

Hata hivyo kipindi kile kina funzo jingine ambalo halisimuliwi sana. Nchi ilipokwisha kuwa ya chama kimoja, wapiga kura wa 1965 walipewa wagombea wawili wa TANU katika majimbo mengi wachague mmoja. Wakawaangusha wakubwa. Paul Bomani, waziri wa fedha, alishindwa. Bibi Titi Mohamed, aliyezunguka nchi nzima akiwaita wanawake kwenye TANU, alishindwa Rufiji. Hatusemi kwamba waliostahili kushindwa ndio walioshindwa. Katika habari ya Bibi Titi wengi wetu tungesema kinyume. Tunasema tu kwamba upinzani unapokosa kiti ndani ya ukumbi, kazi ya kuuliza huwarudia wananchi wenyewe, nao wakitaka huiweza.

Kijijini, ukumbi wa wananchi una jina. Ni Mkutano Mkuu wa Kijiji.

Watu wengi huuchukulia mkutano huu kama hafla ya kupashana habari. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 haiutazami hivyo. Kila mkazi wa kijiji mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe wake, awe mwanachama wa chama chochote au asiwe na chama. Ndicho chombo kikuu cha kijiji, na unapaswa kukutana kila baada ya miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, na robo yao wakiwa wanawake, ipo chini yake. Kwa hiyo wale wajumbe walioshinda Novemba hawakupewa kijiji. Walipewa kazi ya kukitumikia kati ya mkutano mmoja na mwingine.

Jambo la kwanza, basi, ambalo wengi wapya wanapaswa kulifanya Idete na kwingineko ni kuitisha mkutano huo kwa wakati, wausomee mapato na matumizi, kisha wakae wasikilize. Ni jambo rahisi kulitaja. Katika vijiji vingi ndilo linalokwepwa kwanza, na sababu zinazotolewa ni zilezile: mtendaji amehamishwa, kitabu kiko wilayani, watu hawakutimia. Mtendaji wa kijiji ni mwajiriwa, naye ndiye katibu wa halmashauri na mtunza kumbukumbu. Kuhamishwa kwake si sababu ya daftari kuhama. Halmashauri mpya inapaswa kudai makabidhiano ya maandishi kutoka kwa ile iliyotangulia: fedha zilizopo benki, madeni, mihtasari ya mikutano, ramani ya kijiji, orodha ya waliogawiwa ardhi. Ushindi wa chama kilekile juu ya chama kilekile haufuti haja ya makabidhiano. Unaizidisha, kwa sababu hapo ndipo watu huambiana kwamba hakuna haja, sisi ni walewale.

Tuje sasa kwenye ardhi.

Bonde la Kilombero limegombewa kwa muda mrefu na wenye nguvu kuliko wanakijiji. Reli ya TAZARA ilipita hapa miaka ya 1970 ikaja na watu na vituo. Kule mbele, Mngeta, shamba kubwa lenye zaidi ya hekta 5,000 lilikuwa mikononi mwa RUBADA, na tangu 2008 likawa la kampuni ya Kilombero Plantations. Mwaka 2002 ardhi oevu ya bonde hili iliingizwa katika orodha ya kimataifa ya Ramsar. Mwishoni mwa 2012 ikaja operesheni ya kuondoa mifugo, na wafugaji waliokuwa wameingia kwa maelfu ya ng'ombe wakasukumwa nje. Baadhi yao walirudi. Mwaka 2023 sehemu kubwa ya tambarare ikatangazwa kuwa Pori la Akiba la Kilombero. Kila moja ya hatua hizi ilikuwa na hoja yake, na nyingine zilikuwa hoja nzuri. Maji ya mto huu yanahitajiwa na nchi nzima. Lakini kila mpaka uliposogea, mkulima wa kijijini ndiye aliyekuwa wa mwisho kuambiwa.

Dhidi ya mambo ya juu kiasi hicho, halmashauri ya kijiji haina uwezo mkubwa. Lakini ardhi iliyobaki ndani ya mipaka ya kijiji imo mikononi mwake, na hapa sheria imetumia neno ambalo msomaji wa gazeti hili hahitaji kufafanuliwa. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inasema halmashauri ya kijiji itaisimamia ardhi kama mdhamini anayesimamia mali kwa niaba ya wenyewe. Mdhamini! Ni kama msimamizi wa wakfu au mlezi wa mali ya yatima. Na sheria hiyo inakwenda mbali zaidi: halmashauri hairuhusiwi kugawa ardhi wala kutoa hakimiliki ya kimila kabla ya kupata idhini ya Mkutano Mkuu wa Kijiji, na katika kila mkutano wa kawaida inapaswa kutoa taarifa ya usimamizi wa ardhi na kuyapokea maoni ya wanakijiji.

Soma tena maneno hayo, ndugu msomaji, kisha uyapime na yanayotokea. Mgeni huja na gari, au na ng'ombe, au na barua. Huonana na watu wawili watatu. Karatasi hupigwa muhuri. Mkutano Mkuu hupata habari siku trekta linapoingia. Muhuri ule haukuwa na nguvu ya kugawa, kwa sababu idhini ilikuwa haijatolewa, lakini mwenye shamba la jirani ndiye atakayetembea na bahasha kutoka ofisi hadi ofisi kulithibitisha hilo, akiacha palizi.

Wengi wapya wana nafasi ya kuikomesha desturi hii mapema, kwa azimio moja tu la mkutano: hakuna karatasi ya ardhi itakayopigwa muhuri bila namba ya muhtasari wa mkutano ulioiidhinisha. Gharama yake ni kalamu.

Wana pia Baraza la Ardhi la Kijiji la kulitazama. Hili lina wajumbe saba, watatu kati yao wakiwa wanawake. Halmashauri hupendekeza majina na Mkutano Mkuu huyathibitisha. Kazi yake ni kusuluhisha. Katika kijiji ambako mkulima na mfugaji wanakutana kwenye mfereji mmoja wa maji, na ambako Mndamba, Mpogoro, Msukuma na Mhehe wanalima mashamba yanayopakana, baraza hili ni kinga ya damu. Halmashauri ikilijaza kwa watu wa upande mmoja, kwa chama, kwa kabila au kwa ukoo, hakuna mfugaji atakayepeleka shauri lake huko. Ataamua kwa fimbo. Hapa ndipo wenye wingi wanapopaswa kuacha nafasi kwa hiari yao, wamweke mfugaji mwenye busara, wamweke mama mjane anayejua mipaka ya zamani, hata kama hakuwapigia kura. Kwa maoni yetu hiki ndicho kipimo kigumu kuliko vyote, kwa kuwa hakuna anayeweza kuwalazimisha.

Wajane tumewataja makusudi. Wilaya za bonde hili zilifikiwa na mpango wa serikali na wafadhili wa kupima mashamba na kutoa hatimiliki za kimila, na familia nyingi sasa zina karatasi. Karatasi ni neema, lakini tazameni ni jina la nani limeandikwa. Ikiwa shamba alilofungua mke na mume pamoja limeandikwa jina la mume peke yake, siku akifariki mgogoro wa mirathi utaanza matanga hayajaisha, na shemeji wataanza kuhesabu mbegu. Sheria za ardhi za 1999 zimempa mwanamke haki ya kumiliki sawa na mwanamume. Uislamu ulimpa mwanamke mali yake na fungu lake la mirathi kabla ya sheria hizo kwa zaidi ya karne kumi na tatu. Familia ya Kiislamu isingoje kesi ndipo ikumbuke yote mawili.

Kuhusu fedha tutasema kwa ufupi. Mwaka 2017 Bunge lilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na likaondoa ushuru kwa mzigo usiozidi tani moja unaosafirishwa. Mama anayepeleka magunia manne ya mpunga Ifakara kuuza apate karo, kisha akasimamishwa kizuizini, anastahili kujua hili, na kiongozi aliyemwomba kura anastahili kumwambia kabla hajafika kwenye kizuizi. Na lumbesa ile, gunia lililoshonewa kilemba juu, imepigwa marufuku mara nyingi kuliko tunavyoweza kuhesabu. Wengi wapya watajulikana msimu wa mavuno kwa jinsi watakavyosimama, au kutosimama, kati ya mkulima na mnunuzi.

Jambo jingine la fedha linahusu moja kwa moja nyumba za wasomaji wetu. Halmashauri za wilaya zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi: asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 baada ya ukaguzi kufichua vikundi hewa na fedha zisizorejeshwa, kisha ikarudishwa mwaka 2024. Kwa sheria, haina riba. Akina mama wengi wa Kiislamu vijijini wameogopa neno mkopo, na hofu yao ni ya haki kwa sababu mikopo mingi inayotembezwa mitaani ni riba tupu, nyingine ya kuvunja nyumba. Huu si huo. Unarudishwa kama ulivyochukuliwa. Lakini orodha ya vikundi hupita kwa viongozi wa chini kabla ya kufika wilayani, na hapo ndipo wingi wa kisiasa unaweza kugeuka ukuta: kikundi cha mke wa mjumbe kikapita, kikundi cha madrasa kikaambiwa kisubiri. Halmashauri ya kijiji ibandike orodha yote mlangoni pa ofisi, walioomba na waliopitishwa, kila mtu aisome.

Yapo masimulizi mashuhuri juu ya Sayyidna Umar, radhi za Allah zimshukie. Alipanda mimbari akawataka watu wasikilize, mmoja wao akakataa kusikiliza mpaka aelezwe kwa nini vazi la kiongozi ni kubwa kuliko kipande cha kitambaa kilichogawiwa kila mtu. Umar hakukasirika. Alimwita mwanawe Abdullah, naye akaeleza kwamba alimpa baba yake kipande chake kwa kuwa baba ni mrefu. Ndipo yule mtu akasema sasa atasikiliza. Wahubiri wetu hupenda kumsifu Umar kwa kisa hiki, na anastahili. Sisi tunamwangalia pia yule aliyeuliza. Hakuwa na cheo wala chama. Alikuwa na kipande chake cha kitambaa, akakipima kwa macho, akaona hesabu haikubali.

Mtu kama huyo atatoka katika nyumba zetu au hatatoka kabisa. Baba akienda mkutanoni peke yake na kurudi bila kusimulia, nusu ya kijiji haikuhudhuria. Kijana wa miaka 18 aliyemaliza kidato cha nne anaweza kusoma taarifa ya fedha kuliko baba yake. Achukuliwe, aketi karibu, aulizwe amesoma nini. Mama ana haki ileile ya kusimama na kusema. Maimamu nao wanaweza kutangaza tarehe ya mkutano baada ya swala ya Ijumaa bila kumtaja mgombea wala chama, kama wanavyotangaza siku ya chanjo. Na Oktoba 2025 tulipiga kura tena kuchagua madiwani, wabunge na Rais. Diwani wa Idete, awaye yote, ni mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata na hukaa katika baraza linalozipitisha sheria ndogo za vijiji. Atakayekuja kuomba kura tena aulizwe kwanza ni mikutano mikuu mingapi ya kijiji amehudhuria.

Limebaki jambo la kalenda, ambalo linaonekana dogo. Watu wa Kilombero wanajua kwamba kuanzia mvua zinaposhika mpaka mavuno, nusu ya kijiji inahamia mashambani. Familia hulala kwenye vibanda vya shamba wakilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, na nyumba za kijijini hubaki na wazee na watoto wa shule. Mkutano ukiitishwa katikati ya wiki wakati huo, kwa tangazo lililobandikwa jana yake, watakuja watu wa karibu na ofisi, na lolote litakalopitishwa litaandikwa kuwa limepitishwa na kijiji. Tena, mwaka 2025 Ramadhani ilianza mwanzoni mwa Machi, na mkutano wa robo ya kwanza ulipaswa kufanyika kabla mwezi huo kwisha. Ukiwekwa saa kumi jioni ndani ya Ramadhani, akina mama watakuwa jikoni wakiandaa futari. Wenyeviti wapya wa Idete, Namwawala, Mbingu na kote bondeni wauweke kabla ya Ramadhani, siku ya gulio, asubuhi, na tangazo lifike mashambani wiki mbili kabla, kwa mjumbe wa kila kitongoji kwenda kwa miguu au kwa baiskeli.